Mwalimu Aliyetufundisha Kubisha Hodi

Habari ya msiba niliipata Jumatatu asubuhi, na aliyeileta hakuwa mtu mzima. Geti langu hapa mtaa wa Kinindo liligongwa chini kabisa, pale ambapo mkono wa mtu mzima haufiki bila kuinama. Nilipofungua nilimkuta binti wa nyumba ya mkabala, mtoto wa miaka mitano, kiatu cha kulia amevaa kushoto, yaya wake amesimama nyuma akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Bonjour jirani," akasema mtoto. "Mi nimekuya kukwambia. Madamu yetu amekufa." Wasomaji wangu, miaka yote ya safu hii nimepokea taarifa za vifo za kila namna, lakini hii ilinishinda. Maneno yale yalitoka katika kinywa ambacho mwaka jana watu wazima tulikuwa tumeshakikatia tamaa.

Huyo madamu alikuwa mwalimu wa chekechea iliyo mtaani kwetu, maternelle kama tunavyoiita hapa. Mzaliwa wa mtaa wa Jabe, wa familia ya Waislamu wa siku nyingi katika mji huu, baba na kaka wote mafundi makanika. Labda ndiyo sababu alikuwa na sauti ya mtu anayemwelekeza dereva kurudisha lori nyuma. Siku moja aliwauliza wanafunzi wake jirani ni nani. Mmoja akainua mkono: "Jirani ni ile ukuta." Hakuna mwenzake aliyecheka, wala madamu hakucheka aliponisimulia. "Wamesema kweli," aliniambia. "Wanachoona ni ukuta. Sasa mi hiyo neno nitawaonyesha wapi?" Basi akawatoa nje ya geti, wameshikana mikono, wakaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba.

Ndivyo tulivyofahamiana. Nilifungua nikakuta kundi la vichwa vidogo vimeniinukia. "We ni jirani?" Nikasema ndiyo. "Kazi yako ni gani?" Nikasema naandika gazetini, naandika mambo ya watu. Mvulana mmoja mnene, uso mkavu kama wa hakimu, akauliza: "Na hiyo watu, uliwaomba?" Madamu aligeukia bugenvilia kuficha kicheko chake. Lakini swali lile lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyewafundisha kwamba neno haliokotwi njiani. Unakwenda kwa mwenye kazi, unasalimu, unaomba, anakupa, unashukuru. Kwa hiyo kila neno walijua limetoka kwa nani. Gundi lilikuwa neno la fundi viatu, chachu lilikuwa la mwoka mikate, na mimi nikapewa heshima ya "mhariri", ingawa si kazi yangu.

Binti wa mkabala alikuwa darasani humo na hakusema kitu. Nyumbani baba alimsemesha Kifaransa, mama Kirundi, yaya Kiswahili, naye aliwatazama wote watatu akanyamaza. Masikio yalipimwa, yakaonekana mazima. Baba yake, mtu wa mashirika mwenye haraka zake, alikuwa ameamua: muhula ukiisha, mtoto atahamishiwa shule maalumu, mbali, akae huko na kulala huko. Mama mtu alilia wiki nzima. Madamu alimfuata baba hadi kwenye gari. "Papa, usimuhamishe bado. Unipe hiyo trimestre, muhula moja tu. Mutoto hana shida ya ulimi, hana mutu wa kumwambia." Baba alikubali shingo upande.

Walipopangiwa kwenda soko la Jabe, madamu aliomba watu wazima wa kusaidia kushika mikono barabarani. Mimi nikakabidhiwa mkono wa yule asiyesema. Tulifika kwa mama mmoja muuza ndagala, zile dagaa za ziwani, aliyekuwa ametandika mkeka juani kwa zile zilizopata unyevu. "Mama, tunaomba neno ya kazi yako," watoto wakaimba. Mama akacheka mpaka akashika kiuno. "Ya kazi yangu? Basi, mi naanika." Akawaonyesha jinsi anavyozitawanya kwa vidole zisilaliane. Mkono mdogo ukaniponyoka. Yule binti alichuchumaa, akachukua ndagala moja, akailaza peke yake kwenye kona ya mkeka. "Naanika," akasema. Nilitaka kupiga kelele. Madamu alinitupia jicho la kuninyamazisha, akamsogezea mtoto beseni.

Kesho yake baba mtu ndiye aliyebisha kwangu. Alikuwa amekuta viatu vyake, vitabu vyake na mkanda wake vimepangwa barazani juani, kimoja kimoja, visilaliane. "Nikamuuliza unafanya nini. Akaniambia, naanika, papa. Nikamuuliza hiyo neno amepata wapi. Akaniambia ni ya mama ya ndagala." Mtu yule wa haraka alisimama getini kwangu akilia na kucheka kwa pamoja, na habari ya shule ya mbali haikutajwa tena.

Mimi ninayeishi kwa maneno nimekuwa nikilistaajabia jambo lile tangu siku ile. Tulidhani mtoto amezidiwa na lugha tatu. Kumbe lugha zote tatu zilikuwa zikimfikia ndani ya ukuta mmoja, na nje ya ukuta huo hakuwa na mtu wa kumpelekea hata neno moja. Mji wetu unajenga kuta ndefu kila mwaka, nasi tunawanunulia watoto mabango ya picha ili wajue kilicho upande wa pili. Mwanamke yule alifungua geti tu. Nilimwogopa kidogo, kwa maana ile ya kumwogopa mtu aliyeweza kufanya jambo kubwa kiasi hicho kwa kubisha hodi tu.

Jumatatu hiyo nilibaki getini nimeshika komeo. Mtoto alinisubiri, kisha akaona anisaidie.

"Sema pole," akaniambia.

Nikamuuliza hilo ni neno la nani.

"Ya madamu."

"Pole, jirani," nikasema. Akaitikia, akanishika mkono, akanivuta barabarani kuelekea geti linalofuata, kwa watu ambao mpaka asubuhi ile sikuwa nawajua.