Risasi Inayobaki na Risasi Inayopita

Mwenzangu alikuwa na shati moja la kazi kama mimi, ila lake lilipigwa pasi kila siku. Tulirudi Juba kutoka Uganda sote katika mwaka mmoja, baada ya amani, tukaajiriwa pamoja kuwa askari wa wanyamapori, na mshahara wetu ulikuwa ule ule. Lakini binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Juba Na Bari alicheka kila mwenzangu alipofungua mdomo. Mimi nikisema jambo lile lile, alinimiminia chai tu. Nilimwonea wivu mwanamume yule hadi nikachukia namna alivyokunja mikono ya shati.

Sote wawili tulimtaka binti, na tulijua baba yake ni mtu wa desturi. Kwa watu wetu, anayemtoa mnyama damu ya kwanza ndiye mwenye mnyama, hata kama mkuki wa mwingine ndio uliomwangusha. Yeye hupewa paja la nyuma. Kijana akilipeleka kwa baba wa msichana, amekwisha kusema. Kwa hiyo tulipotumwa kumwondoa nyati aliyeharibu mashamba ng'ambo ya mto, kila mmoja wetu aliliona paja kabla ya kumwona nyati.

Stoo ya ofisi ilikuwa na bunduki mbili za wanyama wakubwa. Moja ilitumia risasi za magnamu, zile za baruti nyingi, kipimo cha tatu-saba-tano, na tulizokuwa nazo zilikuwa za ncha laini: inaingia, inachanua, inabaki mwilini. Nyingine ilitumia nne-tano-nane, magnamu pia, nene, ya ncha ngumu, ya kumwangushia tembo. Hiyo inavunja mfupa, inatokea upande wa pili na kwenda zake. Mimi nilifundishwa kwa ile ndogo, bega langu liliizoea, na kwa nyati mmoja ingetosha kabisa. Kwa kuwa nilimzidi mwenzangu umri, mzee wa stoo aliniambia nichague kwanza.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwenye ndogo nilipomwona mwenzangu anaitazama ile kubwa. Aliitazama vile vile alivyomtazama binti. Basi nikaichukua mimi.

"Hii kubwa iko ya ndovu," mzee wa stoo akasema. "Wewe nataka ya nini?"

"Mimi nataka hiyo tu, mzee."

"Khalas, basi," mwenzangu akasema, akachukua ndogo bila kununa. Hata hilo liliniudhi.

Tulivuka daraja asubuhi, wenye mashamba wakatuonyesha nyayo, na kabla jua halijapanda sana tulimkuta nyati kwenye matete, ametugeuzia ubavu. Nilifyatua kwanza. Hilo nitalisema mpaka kaburini. Bunduki ilinipiga bega nusura nikae chini, na mlio wa mwenzangu ukaupanda mlio wangu, hata watu waliokuwa nyuma yetu wakasikia mshindo mmoja. Nyati alikimbia kidogo, akaanguka.

Nikasema ni wangu. Mwenzangu akasema ni wake. Mzee wa mashamba yale akaamua mnyama apasuliwe, risasi zitafutwe. Ya mwenzangu ilikutwa karibu na moyo, imechanua kama uyoga. Yangu ilikuwa imeingia begani na kutoka. Iko kwenye matete mpaka leo. Niliwaonyesha matundu yangu yote mawili, nikatia na kidole.

"Tundu halina mwenyewe," mzee akasema kwa Kibari. "Iliyopita ni mgeni. Iliyobaki ndiyo yenye nyama."

Nilitetea mpaka nikakaukiwa na mate, lakini paja lilikatwa, akapewa yeye. Lilikuwa zito kwa mtu mmoja, tukalitundika kwenye mti tukaubeba mabegani, yeye mbele, mimi nyuma. Ningekataa, angejua roho inaniuma, na hilo sikutaka alijue. Nikavuka mto nikimtazama kisogo, bega likiniwaka pale bunduki iliponipiga.

Tulipofika kwa fundi, binti alitoka uani akatuona. Alimpita mwenzangu kwa haya, macho chini, akaja moja kwa moja kwangu akashika ncha ya mti, akanichekea usoni kwa furaha ambayo sikuwahi kupewa.

"Pole na mzigo, shemeji," akasema.