Kwenda Urambo Kuuona Uso wa Mama

Niliondoka Tabora kwa sababu moja: nilitaka kuuona uso wa mama yangu. Alifariki nikiwa bado nanyonya, na nyumbani hatuna picha yake. Tukasikia kwamba Bi Ragna, mchoraji Mnorwei anayeishi na kaka yake kwenye misheni karibu na Urambo, anarudi kwao moja kwa moja, na kwamba kati ya picha zake yumo mama. Mama Mdogo, aliyenilea, aliguna.

"Dada akubali kuchorwa uso na Mzungu? Labda dada mwingine."

Hata hivyo alinifungia mihogo ya kuchemsha.

Asubuhi, stesheni ya Tabora, behewa la daraja la tatu lilijaa, nikakalia furushi langu. Reli hupita karibu na njia ya misafara, ile ambayo bibi yangu aliitembea kwa miguu hadi Ujiji, mtungi kichwani, akimpikia babu aliyekuwa mpagazi. Mimi nilipita nimekaa na bado nikalalamikia vumbi. Njia nzima niliutunga huo uso: pua ya Mama Mdogo, macho yangu. Kila nilipokaribia kuumaliza, uliniponyoka.

Urambo nilishuka jua la utosi, nikatembea porini hadi misheni. Bi Ragna alikuwa mrefu, mvi tupu, amevaa kofia ya kiume na vidole vimejaa rangi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa Mwanahamisi, wala siulizi."

Tukinywa chai alinisimulia kwamba ujanani mwake chuo cha uchoraji kilipokea wanaume tu. Wanawake waliambiwa wakachore maua nyumbani. Akagombana na walimu, kisha yeye na wenzake wakagombana na serikali mpaka wanawake wakapiga kura.

"Na maua je?" nikamuuliza.

"Sijachora hata moja mpaka leo."

Tukacheka. Nilimpenda palepale.

Ndipo akaifunua picha. Mama amekaa mkekani, ametupa mgongo. Anasuka ukili, mguu mmoja ameunyoosha, mwanzo wa ukili ameubana kwa kidole gumba cha mguu. Mimi pia husuka hivyo, na Mama Mdogo hunigombeza kila siku kwamba nakaa vibaya. Lakini uso haukuwepo. Nililia bila kujizuia. Safari yote ile kuja kutazama mgongo!

"Alikataa," Bi Ragna alisema taratibu. "Aliniambia uso wake ni wa watu wa nyumbani kwake. Nikamwambia basi, kaa upendavyo. Hebu tazama hapa."

Chini ya kiwiko cha mama kilichungulia kiguu cha mtoto.

"Ulikuwa umelala pajani pake."

Aliniomba ruhusa ya kuivusha picha bahari. Alisema huko kwao wataiita tu mwanamke wa Kiafrika, ndivyo walivyozoea.

"Basi andika jina lake."

Akachukua brashi, akaandika mbele yangu: Mwanahamisi binti Juma, wa Tabora. Nikakubali.

Kesho yake nilirudi kwa treni. Mama Mdogo alinipokea mlangoni.

"Haya, uso wake ukoje?"

"Amechorwa mgongo."

"Si nilikwambia!" Kisha akayaona macho yangu, akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Umesafiri bure."

"Sikusafiri bure, Mama Mdogo. Alikuwa ananitazama mimi."