Dole Gumba la Swaumu

Kama hujala chapati za Swaumu pale mgahawani jirani na soko la Majengo, basi Dodoma umepita tu, hujafika. Mwanamke huyu wa Kirangi, mzaliwa wa Kolo, hakugusa mwiko. Chapati aliigeuza kwa vidole vitupu juu ya kikaango cha moto, kila mara kwa mkono wa kulia. "Mwiko unaiua," alikuwa akisema, na ukimbishia anakumiminia chai ya kukunyamazisha.

Ndiyo ile miaka ya soko huria, kila mwenye biashara anataka aonekane wa kisasa. Tajiri wa mgahawa alikaa zake Dar, akamleta mpwa wake Octavian awe meneja, na Octavian akaja na mashine ya vidole. Ukifika unabandika dole gumba, ukiondoka unabandika tena, na mashine ndiyo inayosema nani kaja kazini na nani katega. Wafanyakazi wakapanga foleni kuandikishwa. Swaumu akatoa dole la kulia, maana aliyelelewa vizuri hampi mtu kitu kwa kushoto. Mashine ikasitasita, Octavian akalikandamiza dole mpaka ikakubali.

Kesho yake ikagoma. Swaumu akafuta dole kwa khanga, akalipuliza, akapaka mafuta ya nazi alivyoshauriwa na Joha, mhudumu wa meza. Wapi! Miaka yote ile ya kugeuza chapati, moto ulikuwa umelilamba dole likawa laini kama mgongo wa kijiko. Akaendelea kujaribu kila siku, na kila siku mashine ikamkatalia.

Mwisho wa mwezi Octavian akamwita.

"Shikamoo, Mama Sabrina."

"Marahaba, mwanangu."

"Mashine inasema hukuja kazini mwezi mzima."

"Sikuja! Na chapati unazokula kila asubuhi anapika nani, jini?"

Joha akaangua kicheko. Octavian hakucheka. "Mimi najua unakuja, mama. Lakini mjomba anaangalia mashine tu. Kasema asiyesomeka mpaka Ijumaa, atafutiwe mtu mwingine. Si ushike mwiko, vidole vipone?"

"Vitapona kufikia Ijumaa?"

Jambo hilo lilimuuma Swaumu, asikudanganye mtu. Binti yake Sabrina alikuwa kidato cha tatu, na kazi ikienda, mtoto angeacha shule arudi Kolo kulima. Marehemu mumewe alimwachia neno moja tu: mtoto asome. "Siondoki," Swaumu akajiapiza, "na mwiko sishiki."

Ijumaa alfajiri alikuwa anakanda unga, mkono wa kulia umezama ndani, wa kushoto umeshika karai. Akautazama ule wa kushoto. Mkono huo haukuwahi kumega tonge, wala kugeuza chapati. Akaligeuza dole lake kwenye mwanga wa taa, na mistari yote ilikuwepo, safi kama ya mtoto. Amnyooshee bosi mkono wa kushoto mbele za watu? Astaghafiru! Lakini aibu haisomeshi mtoto. Akanawa, akaenda.

"Meneja, niandikishe upya." Akapiga goti kidogo, uso unamuwaka. "Niwie radhi, baba, nakupa kushoto."

Octavian akamtazama, akaelewa, akabonyeza vitufe. Swaumu akabandika dole. Akaondoa, akabandika tena ahakikishe. Mashine ikalia mlio wa kukubali na jina lake likatokea kwenye kioo. Joha akapiga vigelegele mpaka wateja wa chai wakageuka.

"Jamani, hata mimi sikuwaza!" Octavian akasema.

"Basi sasa niache, chapati zinaungua."

Tangu hapo kila asubuhi aliibandikia mashine dole la kushoto na kuiomba radhi kama mtu. Joha alimtania sana kwa hilo, naye hakujali. Na siku Sabrina alipomletea cheti chake cha kidato cha nne pale pale jikoni, Swaumu aliifuta mikono kwenye khanga, akakipokea kwa yote miwili.