Niliambiwa Nisiionyeshe Picha Ile

Mimi ni mwongo, tena mwongo wa msibani. Jina langu silitaji, ingawa watu wa Kamembe wakisoma hapa watanijua tu. Na wanijue!

Ni mwanamke, ninachora. Nilikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, na wazazi waliporudi Rwanda nami nikarudi na rangi zangu. Nina kibanda hapa Kamembe, karibu na soko. Naandika vibao vya saluni na maduka, na mtu akifariki, familia huniletea picha yake ndogo ya kitambulisho, nimchore mkubwa, abebwe mbele ya jeneza. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha, lakini nilikuwa naionea haya. Nilitaka niitwe msanii, si fundi wa marehemu.

Mwaka jana akaja kijana mmoja kutufundisha wachoraji kujitangaza mtandaoni. Formation, yaani mafunzo, ya siku tatu, na soda juu! Jirekodi ukichora, alisema, watu wanapenda kuona mkono ukifanya kazi. Andika jina la uliyemchora. Na kila anayekuandikia chini ya video mjibu papo hapo, umkaribishe awe mteja. Nilishika maneno yale kama amri za Mungu. Jibu lenyewe nililiandika mapema, likawa linakaa kwenye simu, nalibandika tu.

Ijumaa moja akaingia Maman Solange. Huyu ni muuza vitenge, jirani yangu, ndiye aliyenipa kona ya kibanda chake nilipokuwa sina pa kutundika hata kibao kimoja. Mumewe alikuwa dereva wa lori la saruji huko Muganza. Asubuhi hiyo moyo wake ulisimama, hakuwa hata mgonjwa.

"Ma fille, unichorie papa ya batoto," akaniambia kama mama kwa bintiye, macho yamevimba. "Lakini usionyeshe muntu. Solange iko Ulaya, hatuyamuambia. Shemeji yangu anakaa kule kule, njo ataenda amukalishe chini, amuambie polepole."

"Nimesikia, Maman," nikamjibu.

Nilisikia vizuri sana! Kwetu mtoto aliye mbali haambiwi kifo cha mzazi wake kwa simu. Anatumwa mtu, anabisha hodi, anaketi, anamshika mkono ndipo anasema. Shemeji alikuwa apande treni Jumamosi, na mama mmoja wa kanisa amsindikize.

Jumamosi asubuhi picha ikaisha. Jamani, ilikuwa nzuri! Papa Solange alikuwa na tabasamu la upande mmoja, na safari hii nilikuwa nimelipata. Nikajirekodi nikimalizia macho. Nikajiambia, wanaonifuata ni watu wachache wa hapa hapa, Solange atanionea wapi? Nikaandika jina kamili la mzee, nikaweka mbele yake msalaba mdogo, alama ya marehemu, nikarusha.

Saa moja haikupita, video ilikuwa imepita zangu zote. Watu wanasifu, wanatumiana! Nilicheza peke yangu kibandani, namwambia Mungu asante.

Katikati ya sifa zile mtu akaandika: "Huyu ni papa yangu. Juu ya nini umemutia musalaba?"

Ningependa kusema sikuyasoma maneno hayo. Niliyasoma, ila kwa macho ya muuzaji. Kidole kikakimbia, kikabandika jibu langu: "Asante kwa kupenda kazi yetu! Karibu nawe uweke commande (oda) yako."

Ndipo nikaangalia jina la aliyeandika: Solange. Eh Mungu wangu! Nikafuta video, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Shemeji alikuwa bado yuko kwenye treni.

Nikabeba picha mbio hadi msibani. Maman Solange alikuwa amekaa kwenye mkeka, simu mkononi imenyamaza. Mwanawe alikuwa amempigia na kumwambia neno moja tu: "Mama, umeachia muchoraji aniambie." Kisha akakata.

Ndugu za marehemu wakamzunguka mjane. "Weye njo ulimutuma aitangaze!" mkubwa wao akamkemea. "Ulitafuta michango ya batu!"

Maman Solange akanitazama mimi. "Ma fille, baambie. Si nilikuambia usionyeshe muntu?"

Watu wote wakageuka. Na mimi, niliyekula kwenye sahani ya mwanamke huyu, nikasema: "Hapana, Maman. Hukuniambia."

Akajishika kichwa. "Pengine nilisahau," akasema. "Kichwa yangu haiko sawa."

Alinisadiki! Angenipiga kofi ningepona. Lakini alinisadiki mimi, akajishuku mwenyewe.

Mzee alizikwa na ile picha ndogo ya kitambulisho kwenye fremu. Yangu waliikataa, iko kibandani imegeuzwa ukutani. Solange hakuja kuzika, na mpaka leo hapokei simu za mama yake. Mashemeji, wale ndugu za marehemu, hawakanyagi kwa mjane. Mimi je? Kazi zimeongezeka! Watu wananiletea picha za marehemu wao kutoka Nkanka hadi Rwimbogo kwa sababu ya video ile ile, iliyokwisha kusambaa kabla sijaifuta, na kila ninapochovya brashi nalisikia lile "Hukuniambia" langu.

Juzi Maman Solange alipita na mzigo wake wa vitenge, anaelekea mpakani. Amekonda. Akasimama mlangoni kwangu, akasema: "Unisamehe, ma fille. Nilikuharibia jina juu ya kusahau kwangu." Akaniachia ndizi mbivu, akaenda. Zile ndizi sikuweza kuzila.

Nyinyi wachoraji wenzangu, na wapiga picha, na yeyote mwenye simu, nawasihi! Jitangazeni, sikatazi, njaa ni njaa. Lakini kabla hujarusha sura ya mtu uliza nani bado hajaambiwa. Na anayekuandikia msome kama mtu, jibu la kubandika lina laana yake. Na ukiwa umekosa, ukiulizwa mbele ya watu, sema ndiyo siku ile ile, kwa sababu kesho yake mtu mwingine atakuwa ameshabeba kosa lako na kuliamini kuwa ni lake.

Jumapili baada ya ibada mashemeji wanakutana kwa ajili ya kugawa vitu vya marehemu. Nitakwenda. Nitasimama mbele yao na mbele ya Maman Solange, na simu iwe wazi kwa Solange kama atapokea, niseme: aliniambia. Aliniambia vizuri, na mimi nilisikia.