Besi na Miguu Isiyotulia

Mtaani walimwita Besi, na jina likamkaa. Mchana alichomelea mageti na madirisha ya chuma. Jioni alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya ya kanisa, na sauti yake nzito iliwabeba wenzake wote. Tatizo lilikuwa miguu. Wimbo ukianza tu, magoti yanalegea, mabega yanayumba, mwenyewe hana habari.

Mwalimu mpya wa kwaya hakupendezwa. "Mzee wangu, hapa tunaimba, hatuchezi. Simama wima."

Besi hakuwa mbishi. Jumapili alisimama kama nguzo ya umeme, na sauti ikamkwama kooni. Alirudi nyumbani kanywea, akamwambia mkewe kwamba labda umri umemtupa mkono, bora aache.

Binti yao, aliyekuwa akisomea lugha chuoni, alikuwa anamenya vitunguu. Akaweka kisu chini.

"Baba, unajua Waingereza wanamwitaje mwanakwaya?"

"Nijulie wapi? Kiingereza ni chako."

"Chorister. Wamelipata kwa Wafaransa, na Wafaransa kwenye Kilatini, na Kilatini nacho kilikopa kwa Wagiriki. Sasa kwa Wagiriki wa kale, khoros ilikuwa ngoma ya duara, na pia kundi linaloicheza huku likiimba. Hata neno letu kwaya ni la ukoo huohuo."

Besi akamgeukia mkewe. "Mke wangu, umemsikia mtoto?"

"Nimemsikia. Nenda naye mazoezini."

Wakaenda. Mwalimu alimsikiliza binti mpaka mwisho, akakuna kidevu. "Hilo sikulijua. Lakini neno kuanzia kwenye ngoma hakumfanyi mtu aimbe vizuri. Haya, mzee, imba kwa namna yako, nisikie."

Besi akaimba. Magoti yakalegea, sauti ikafunguka na kujaa ukumbi, na waimbaji wa sauti ya pili wakaanza kuyumba naye. Mwalimu aliwaacha hadi ubeti wa mwisho, kisha akasema, "Wafundishe na wengine."

Jumapili iliyofuata kwaya iliingia kanisani kwa mwendo wa Besi, yeye mwenyewe mbele, kifua nje. Mkewe alimgusa jirani yake kwa kiwiko. "Yule wa mbele ni wangu."

Siku hizi mteja akifika karakana kuulizia geti, Besi huinua kwanza kinyago cha kuchomelea, akamsimulia habari za Wagiriki, na ni binti wa nani aliyezileta.