Springi Mbili za Mzee Gramu

Jina la Gramu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenye maduka, tena kwa hasira. Kwa miaka thelathini na mmoja mzee huyu alikuwa mkaguzi wa mizani. Anaingia dukani bila hodi, anafungua kisanduku chake cha mbao, anatoa vyuma vya kupimia, anaweka kimoja huku na kimoja kule, kisha anainama mpaka jicho lake lilingane na mshale. Kulia na kushoto visipolingana, basi, duka limefungwa. Gramu moja ilitosha. Muuza nyama mmoja aliwahi kumwalika kwenye harusi ya bintiye, na wiki hiyo hiyo akafungiwa bucha. Harusi yenyewe mzee alienda, akala, akashiba.

Sasa mtu wa namna hiyo akistaafu, akakaa nyumbani bila mizani ya kukagua, atakagua nini? Atakagua watu, si ndiyo? Na aliwakagua kwelikweli. Kaka yake alimkuta alfajiri na kamba mkononi, anapima upya mpaka wa kiwanja walichorithi pamoja. Tangu siku hiyo hawasemezani. Rafiki yake wa utotoni alisahau kofia, aliporudi kuichukua akamkuta anahesabu vijiko. Hakurudi tena, na kofia ilibaki. Ukimuuliza Mzee Gramu, atakwambia kikulacho ki nguoni mwako. Mkewe alikuwa na jibu lake: "Kweli, na hao nguoni mwako ni chawa wako mwenyewe, usiwasingizie wageni."

Aliyebaki kuja pale nyumbani alikuwa mkwe wao, fundi wa magari aliyemwoa binti yao wa pekee. Kila Jumapili walikuja watatu, yeye na mkewe na mtoto wao wa miaka miwili. Mkwe alimwita mzee "baba" bila kusitasita, na mzee aliipenda heshima hiyo kuliko alivyotaka ijulikane. Mkewe alijua. Alimwambia waziwazi, "Huyu ndiye wa mwisho, mume wangu. Ukimuudhi huyu, binti yetu atafuata mumewe, na hatakuwa na kosa. Tutabaki mimi na wewe tunatazamana kama masufuria." Mzee aliguna. Aliguna kwa sababu aliogopa.

Shughuli yenyewe ililetwa na gari. Lilikuwa gari dogo la milango minne, la miaka ishirini na sita, na enzi za kazi alikuwa amelinyanyua: springi ndefu, na vipande vya raba juu yake, ili lipite kwenye barabara za mashimo kwenda kufunga maduka ya mbali. Lilisimama juu juu kama kuku aliyekanyaga maji. Zamani haikuwa neno. Lakini goti la mkewe lilikuwa limeharibika, na hospitali ilimpangia mazoezi mara mbili kwa wiki. Jumanne moja alishika mlango wa gari, akanyanyua mguu, ukagoma. Akajaribu tena, akauma mdomo, kisha akageuka, akarudi ndani na kuvua viatu. Mzee Gramu alibaki amesimama uani na ufunguo mkononi, roho inamuuma.

"Nitalishusha," alisema kupitia dirishani.

Jumapili mkwe alikuja na futi. Hakuanza na gari, alianza na jikoni. Alipima stuli ambayo mama alikuwa akiikalia bila taabu: sentimita hamsini na moja. Kisha akatoka, akapima kiti cha gari: sitini na moja.

"Tukitoa hizi springi ndefu na raba zake tunapata hamsini na tano," alisema. "Tukiweka springi fupi za kushushia, tunafika hamsini na mbili. Mama atakaa kama anakaa jikoni. Chini ya hapo sishauri, baba, kwa barabara hizi tutakwangua tumbo la gari."

"Na shokapu?" aliuliza mzee. Alijua shokapu ni zile nguzo zinazosimama ndani ya springi na kuzuia gari lisirukeruke, na zake zilikuwa hazivuji.

"Lazima mpya, tena fupi. Ukiweka springi fupi kwenye shokapu ndefu, umemvalisha mtoto suruali ya babake. Siku ukiliinua gari kwa jeki, springi inalegea, inahama mahali pake. Ukishusha imekaa upande."

Hilo neno "lazima" likamkaa Mzee Gramu kooni. Katika miaka yake yote hakuwahi kumfungia duka mwizi ambaye hakuanza na lazima. Alitabasamu, akasema sawa, mwanangu, na Jumatatu akaenda kuuliza kwingine kimyakimya.

Fundi wa kando ya barabara, mwenye mashine ya kukatia vyuma, alikuwa na jibu la haraka. "Nakata duara moja na nusu kwenye springi zako hizo hizo, mzee. Unakunywa chai, unaondoka."

"Na shokapu?"

"Za nini? Hizo ni za waoga!"

Mzee hakumwamini, maana fundi huyo alikuwa anamvuta kwa mkono. Akaenda kwa mwanamke mwenye duka la spea, mtu mzima, miwani kwenye ncha ya pua. Huyu alimwambia neno kwa neno kama mkwe wake: springi iliyokatwa haina kitako cha kukalia sawasawa, springi fupi inataka shokapu fupi. Mtu mwingine angeshukuru. Mzee Gramu alitoka dukani uso umemwiva. Mkwe na mwenye duka wanasema maneno yale yale? Basi wamepanga! Mwanadamu huyu, wakipingana mmoja ni mwongo, wakikubaliana wote ni wezi. Utamsaidiaje?

Ijumaa mkwe alileta maboksi, akayaacha barazani, akarudi kazini. Kazi ingefanyika kesho yake. Mke wa mzee alikuwa amelala kidogo. Mzee Gramu akayaingiza maboksi sebuleni, akafunga mlango, akayafungua, na akachukua rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu, akatia tone kwenye kila springi na kila shokapu, ili wasije wakazibadilisha gereji. Kisha akatoa futi. Za nyuma zililingana. Za mbele, moja ilikuwa sentimita thelathini na moja kamili. Ya pili ilikuwa thelathini na moja na milimita nane.

Alipima mara tatu. Alizisimamisha mezani, akainama, jicho likalingana na ncha zake. Kulia na kushoto havilingani! Na hapa nisifiche kitu: mzee alifurahi. Moyo ulimdunda kama zamani akiingia dukani. Tangu astaafu hakuwa amemkamata mtu, na sasa alikuwa naye. Baadaye kidogo ndipo alipokumbuka ni nani aliyekamatwa, na hata hapo hakumpigia simu kumuuliza. Mkaguzi hamwonyi mwenye duka.

Jumamosi alifika gereji gari likiwa limeshainuliwa, magurudumu ya mbele yametolewa. Wateja wawili walikaa kwenye benchi wakisubiri zamu. Mkwe alichukua springi ya kwanza, akaigeuza, akaona lile tone.

"Baba, hii rangi ni ya nini?"

"Alama. Zisibadilishwe."

Mteja mmoja alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka. Mkwe aliuliza taratibu, "Zisibadilishwe na nani?"

 Mzee alitoa futi mfukoni, akaivuta mbele ya watu. "Pima hiyo, halafu pima hii. Milimita nane! Umeniokotea mabaki ya magari mawili ukanifungia kwenye boksi jipya. Mimi nimefunga maduka kwa gramu moja, na leo mkwe wangu mwenyewe ananipunja!"

 Mkwe alitazama benchi. Mteja aliyecheka alisimama. "Fundi, mimi nitapita siku nyingine," akachukua ufunguo wake juu ya meza, akaondoka na gari lake. Mkwe alilitazama likitoka getini.

"Baba," alisema, "nikikueleza utaniamini?"

"Eleza kwanza, nikupime."

"Basi sielezi."

Mzee alibeba zile springi mbili kwapani, moja huku na moja kule, mafuta yakimchafua shati, akazipeleka moja kwa moja kwenye duka la spea. Alizitua mezani kwa kishindo na kusema neno lake. Mwanamke wa duka alishusha miwani, akamtazama kuanzia shati hadi viatu, akapanda ngazi, akashusha boksi jingine la aina ile ile lililofungwa kwa gundi.

"Fungua mwenyewe," alisema. "Nikikufungulia utasema nimepanga."

Alifungua. Akapima. Thelathini na moja kamili, na thelathini na moja na milimita nane.

"Ndefu ni ya upande wa dereva," alisema yule mama. "Abiria hupanda na kushuka, lakini dereva yumo kila siku, hata gari likiwa tupu. Gari hili wamelitengeneza hivyo. Fundi yeyote anayelijua angekwambia. Wewe una mkwe fundi, hukumuuliza?"

Mzee Gramu alisema aliuliza. Kisha akasema hakuuliza. Aliondoka na springi zake, na njia nzima aliona aibu kama mtu aliyetoka nje bila nguo. Gereji hakumkuta mkwe, alikuwa ameenda kununua nati. Angeweza kumsubiri. Aliziweka springi sakafuni, yenye tone karibu na yenye tone, akatoroka. Ndiyo, akatoroka, mtu mzima na mvi zake.

Jioni mkwe alilileta gari. Lilikaa chini vizuri, sawasawa pande zote. Alimpa mama ufunguo, akamwonyesha jinsi ya kukaa kwanza ndipo aingize miguu. Kwa mzee alisema tu, "Shikamoo, mzee," akaenda zake kwa miguu. Mzee. Siku zote ilikuwa baba.

Jumapili hawakuja. Binti alipiga simu, na mama aliisikiliza muda mrefu, kisha akatoka uani, akafungua mlango wa gari, akakaa. Alikaa bila kushika kitu. Nyayo zote mbili zilikuwa chini, zimetulia. Alishusha pumzi, na machozi yakamtoka.

"Hiki kiti kimelingana na stuli yangu," alisema. "Nani alipima?"

"Yeye."

"Na wewe ulipima nini?"

 Mkewe alimweleza yaliyosemwa kwenye simu: kwamba mkwe amesema atakuja akiacha kuwa mtuhumiwa, na kwamba wateja wawili tayari wamehamia kwa fundi mwingine, maana habari ya mkwe aliyemwibia baba mkwe imezunguka mtaa mzima.

"Basi mwite," alisema mzee. "Nitazungumza naye hapa hapa, sisi wawili."

"Thubutu! Ulimvua nguo mbele ya watu, halafu umvalishe chumbani?"

"Mimi baba mkwe wake nikamwinamie kijana?"

"Miaka thelathini na mmoja uliiinamia mizani ya wauza vitunguu, mgongo haukuvunjika. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nenda."

Jumatatu alienda. Alipita mbele ya gereji mara ya kwanza, akaona benchi liko tupu, akaendelea kutembea. Alizunguka mtaa. Alipopita tena palikuwa na watu watatu, na mmoja wao alikuwa yule mteja wa Jumamosi aliyebaki benchi. Huyo ndiye mzee aliyetamani asimkute. Alipiga moyo konde, akaingia.

Mkwe alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana. Nyundo ilikuwa inagonga. Mzee Gramu alisimama katikati, akavua kofia. Watu wa benchi walimtazama. Alikuwa amepanga hotuba ndefu njiani, na yote ikamtoka.

"Jamani," alisema, "huyu fundi hakuniibia. Springi zilikuwa sawa, ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Alizichagua vizuri, na mke wangu sasa anapanda gari bila kulia. Mimi ndiye niliyekosea. Nilimsingizia mtoto wangu wizi mbele yenu, na mbele yenu namwomba anisamehe."

Nyundo ilikuwa imenyamaza.  Yule mtu wa Jumamosi alikohoa, akatazama dari. Mzee alisubiri, akawaza kwamba huenda maji yameshamwagika, na kwamba atarudi nyumbani amwambie nini mkewe.

Mkono mweusi wa mafuta ukatoka chini ya gari, kiganja wazi.

"Spana. Kumi na saba."

Mzee Gramu aliikimbilia sinia ya spana, akashika moja, akaiweka kwenye kile kiganja haraka haraka. Mkono ukaingia. Kidogo ukatoka tena, na spana ile ile.

"Hii ni kumi na tisa, baba."

Benchi zima likaangua kicheko, na chini ya gari nako mtu alikuwa anacheka. Mzee Gramu alipiga magoti kwenye sakafu yenye mafuta, na kwa macho yasiyoona vizuri akaanza kuzisoma namba, moja baada ya nyingine.