Kichupa cha Pili

Mimi sikuumbwa na subira. Ile mashine mpya ya CD4, ya kuhesabu chembe za kinga mwilini, ilipoletwa maabara yetu ya Kajiado, miaka ya elfu mbili mwanzoni, niliichukia hata kabla haijatolewa kwenye kasha. Kwanza iliwekwa mahali pangu pa kunywea chai. Pili ilikuja na bwana wa kampuni, mtu wa tai, aliyenieleza polepole kama mimi ni mtoto wa nasari kwamba inapitisha chembe za damu moja moja mbele ya mwanga na kuzihesabu. Nikamwambia hata mimi najua kuhesabu, na stima ikipotea mimi sizimiki.

Kazi ya kuijaribu nilipewa mimi. Kila mgonjwa aliyekubali nilimtoa damu vichupa viwili: cha kwanza kinapelekwa maabara kubwa ya Nairobi, cha pili kinasomwa hapa kwetu. Hesabu zikikubaliana, mashine inabaki. Zikikataa, naandika haifai, inapelekwa kwingine.

Basi zikakataa. Ya kwetu ilisoma chini karibu kila siku, na mara kwa mara iliziba na kulia pii pii mpaka wagonjwa wachungulie dirishani. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Jioni nikifika Kitengela namsimulia mume wangu, aliyekuwa na duka la misumari na mabati, naye anacheka tu. "Wewe hata mizani yangu unasema ni mwongo," akaniambia.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja wa Kimaasai aliyetuuzia maziwa. Alikuwa mgonjwa wa ukimwi, na daktari hangemwanzishia dawa bila hesabu ya CD4. Damu yake ilikuwa imeenda Nairobi mara mbili kwa njia ya kawaida, ikapotea mara mbili. Majibu ya majaribio, ya Nairobi hata ya kwetu, hayangeweza kutumika kumtibu mtu kabla mashine haijapita mtihani. Kwa hivyo alikuja kila wiki, akaketi kwenye benchi ndani ya maabara, shuka likizidi kumpwaya.

"Takwenya, yeyo," namwamkia mama kwa Kimaasai.

"Iko," ananiitikia. "Hesabu yangu imekuja?"

"Bado."

Siku moja, ripoti yangu ya kuikataa mashine ikiwa tayari kwenye droo, alikuwa amekaa hapo akinitazama nikimtoa damu mgonjwa mwingine. Nikajaza kichupa cha kwanza, nikakigeuzageuza vizuri damu ichanganyike na dawa ya kuzuia kuganda iliyomo, maana watu wa Nairobi wakiona damu imeganda wanairudisha na maneno. Nikajaza cha pili, nikakisimamisha, nikashika kalamu. Ile fomu ya majaribio ilikuwa ndefu, ngoja tu.

"Daktari," mama akasema, maana kwake kila mtu wa maabara ni daktari, "hiyo ingine mbona umeacha ilale?"

"Iko sawa, yeyo. Nitaichanganya nikimaliza kuandika."

"Utachanganya nini? Itakuwa imeganda! Kwetu ukikinga damu ya ng'ombe unakoroga na kijiti hapo hapo. Hata mtoto anajua. Nyinyi muko na mashine kubwa hivi na hamna kijiti?"

Mgonjwa aliyekuwa amefinya pamba mkononi akaangua kicheko. Nilichukua kile kichupa nikakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Vibonge vidogo, vyembamba kama uzi, vimejishika kwenye kioo. Lo! Kila siku, kila mgonjwa, kichupa cha pili kilikuwa kinangojea mwandiko wangu mzuri, na chembe zinanaswa humo. Mashine haikuwa imekosa. Nilikuwa nimekosa mimi, mwenye cheti ukutani.

Nilirarua ripoti, nikamfuata bwana wa tai nikamwambia ukweli wote. Nilitegemea acheke. Hakucheka, alinishukuru, na hiyo iliniuma zaidi. Ikabidi turudie majaribio yote upya, wiki mbili nyingine, na yule mama akakaa kwenye benchi wiki hizo mbili kwa sababu yangu. Sikuweza kumtazama usoni.

Hesabu zilikubaliana. Siku ile mashine ilipopitishwa, damu yake ndiyo ilikuwa ya kwanza. Karatasi ikatoka: thelathini na nane. Dawa zilikuwa zinaanzwa mtu akishuka chini ya mia mbili.

"Ni ngapi?"

Nikamwambia.

"Ni nyingi ama ni kidogo?"

"Ni kidogo, yeyo. Kidogo sana. Lakini utaanza dawa leo leo."

Akafikiri. "Ngai! Hata mbuzi niko nao wengi kushinda hiyo," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Mimi machozi yalinitoka pale pale mbele ya watu. Akanishika mkono, akanitazama kwa mshangao kabisa.

"Daktari, sasa unalia nini na hesabu imekuja?"